Umekuja Kunipima?

Igoma, Mwanza
12 Februari 1995

Dada Suzana,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe shemeji Venant, na Precious mwambie mjomba wake anamkumbuka. Huku tupo. Mama nilikwenda kumwona Misungwi. Mguu unamsumbua bado, lakini pamba ameipalilia mwenyewe na nilipomwambia nimtafutie kibarua alininunia mpaka nikaondoka. Mvua mwaka huu inachagua. Misungwi imenyesha, Igoma ni vumbi. Wifi yako Teodora anakusalimu, anasema zile mbegu za maharage ulizompa zimeota vizuri.

Dada, nadhani habari za kiwanda zimekufikia. Tuliitwa uwanjani, tukasomewa majina, tukaambiwa serikali haiwezi tena kubeba kila mtu, sasa ni wakati wa kujiajiri. Karakana ya mbao ndiyo iliyofungwa kwanza. Mimi na mwenzangu Chenge, yule tuliyekuwa tunashika naye randa moja, tumepanga kibanda hapa kando ya barabara ya Musoma. Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu: LUHENDE SAMANI BORA. Nikatengeneza kabati la mninga, nikaliweka nje watu walione. Waliliona kweli. Walisimama, wakalishika, wakasifu, halafu wakaenda kununua viti vya plastiki, maana siku hizi vimejaa kila duka. Kabati limekaa juani mpaka mlango umepinda.

Kilichouzika ni jeneza. Nilitengeneza moja kwa sababu msiba ulikuwa wa jirani na sikuweza kukataa. Keshoye wakaja wengine. Sasa watu wakielekezana hapa hawasemi Samani Bora, wanasema kwa Luhende wa majeneza.

Nikuulize wewe kwa kuwa wewe ndiye mwalimu na ndiye mkubwa. Kiwandani niliambiwa tengeneza meza, nikatengeneza meza. Sasa hakuna wa kuniambia. Nafungua mlango asubuhi, nasimama na msumeno mkononi, moyo unanienda mbio kama niliyeitwa ofisini, najiuliza mimi ni fundi wa nini. Chenge anasema mfanyabiashara hajiulizi hivyo. Wewe unasemaje?

Ni mimi mdogo wako,
Luhende


Songea
2 Aprili 1995

Mdogo wangu Luhende,

Marahaba. Barua yako imetembea polepole, na mimi nimechelewa kuishika kalamu. Venant alishikwa na malaria, akaacha kuwatembelea wakulima wake, na unajua bwana shamba hapendi kukaa nyumbani, lakini anaendelea vizuri. Precious yupo darasa la nne na ameanza kurefuka, magauni yote yamekuwa mafupi. Mahindi huku yamestawi. Mwambie mama asipalilie tena, useme ni mimi nimesema.

Unaniuliza wewe ni fundi wa nini kama vile jibu ninalo mimi. Sijui, Luhende. Mimi nilitaka kuwa mwalimu tangu niko mdogo, nikawa mwalimu, na bado kuna siku naingia darasani najiona nimepotea njia. Fanya kazi iliyopo.

Ila nakuomba jambo. Usiniandikie tena habari za majeneza. Barua zako Precious ndiye anayetusomea kwa sauti, na baba yake anapenda kumsikiliza.

Jambo la pili. Kuna jirani yetu hapa kifua kimembana. Hawezi kulala chali, akilala anakosa pumzi, na mito tunayompangia nyuma inateleza. Je, fundi anaweza kutengeneza kitanda ambacho mtu anakaa kama ameegemea, lakini bado yuko kitandani? Nieleze kwa maneno ambayo fundi wa huku ataelewa. Usichelewe kunijibu.

Dada yako,
Suzana


Igoma
7 Mei 1995

Dada,

Shikamoo. Barua hii usimpe Precious aisome. Mpe tu salamu zangu. Mama hajambo, nilimpelekea dawa ya mguu na ujumbe wako. Amesema ukitaka asipalilie uje upalilie wewe.

Kwanza kitanda cha jirani yako. Fundi asigongelee sehemu ya kichwani. Aitenge kama mlango, aifunge katikati ya kitanda kwa bawaba mbili nzito, ili iinuke na kulala. Chini aweke gongo la kuisimamisha, na kwenye mbao za ubavuni achonge meno matatu au manne, gongo liingie katika jino lolote kadiri mgonjwa anavyotaka kuinuka. Miguuni aweke ubao wa kuzuia, mtu asiteleze. Sijawahi kutengeneza cha namna hiyo, lakini nimekifikiria na kinawezekana. Huyo jirani ni nani? Hukumtaja jina.

Sasa yangu. Najua umenikataza, lakini nisipokuambia wewe nitamwambia nani? Kazi inaenda vizuri, na ndilo linalonitisha. Wiki jana palisikika kilio nyumba za nyuma. Niliacha randa nikasikiliza kinatokea upande gani, na kabla sijafikiri chochote nikahisi kitu kama furaha. Jioni akaja mama mmoja amejifunga khanga kiunoni, macho mekundu. Nikamuuliza, "Mrefu au mfupi?"

Teodora alikuwa ameniletea chakula, amesimama mlangoni. Yule mama alipoondoka akaniambia, "Luhende, hata pole hukumpa."

Nikasema nilikuwa na haraka. Akasema, "Haraka ya nini? Aliyekufa anakwenda wapi?"

Tangu hapo naogopa macho yangu. Mzee akija kununua kigoda kwangu naangalia mabega yake. Kanisani naangalia migongo ya walio mbele yangu, najua nani atahitaji mbao ndefu. Naangalia pembeni, halafu narudi tena kuangalia. Chenge nilimweleza akacheka, akasema hiyo ndiyo dalili kwamba nimeshakuwa mtaalamu. Dada, mimi sikutoka kwa mama kuja kuwa mtu wa kusubiri vilio. Lakini nikiacha, tutakula nini?

Nijibu hata mistari miwili.

Luhende


Igoma
23 Julai 1995

Dada Suzana,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Nimekwenda posta mpaka yule karani ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Mama ananiuliza, namwambia barua za Songea zinachelewa. Labda nilikukwaza. Kama nilikukwaza, nisamehe, lakini uandike. Shemeji hajambo? Precious?

Nimepata la kukuambia, na safari hii silalamiki.

Unamkumbuka Shigela? Alikuwa mlinzi wa geti kiwandani, yule mcheshi aliyewahi kukubebea mzigo ulipokuja kututembelea. Amekonda, kifua kimemkaba, muda mrefu sasa haendi popote. Mkewe alinijia akilia, akaniambia hospitali wamemrudisha nyumbani, ndugu wameshauri wajiandae mapema, kwa hiyo niende nikapime. Sikupenda. Nilikwenda kwa sababu nilishasema ndiyo.

Nilidhani nitamkuta hajitambui. Nikaingia na futi yangu, nikainama kando ya kitanda, nikainyoosha tangu miguuni. Nilipofika kifuani nikaona macho yake yamefumbuka, ananitazama kabisa.

Akasema, "Luhende. Umekuja kunipima?"

Mkewe alikuwa mlangoni, akajifunika uso. Nikajisikia nikisema, "Ndiyo. Nimekuja kupima kitanda."

"Kitanda gani?"

"Cha kuegemea. Ili upumue vizuri, uache kulala hivi kama samaki."

Akasema, "Basi pima vizuri. Mimi ni mrefu kuliko ninavyoonekana."

Nikapima. Nikarudi Igoma, na kwa sababu nilishadanganya ikabidi nisiwe mwongo. Niliuvunja mlango wa lile kabati la mninga uliopinda, nikaufanya sehemu ya kuegemea. Nikafuata yale yale niliyokuandikia wewe. Mara ya kwanza gongo liliteleza likaniangukia mguuni. Nikachonga meno ya kuinamia nyuma, yakashika. Chenge akaniuliza nani kaagiza. Nikamwambia mimi.

Tulipompandisha Shigela na kumwinua, alivuta pumzi ndefu, akaivuta tena. Kitanda tulikigeuza kikaelekea mlango. Akawaona watoto wake wanacheza uani, akamwita mmoja kwa jina, yule mtoto akashtuka kwa sababu alikuwa hajaisikia sauti ya baba yake siku nyingi. Mkewe akamletea uji, akaunywa amekaa.

Nilitembea kurudi kwa mguu ingawa ni mbali. Sikutaka kuzungumza na mtu. Sijui jambo hili linaitwaje, lakini siku ile sikuangalia mabega ya mtu yeyote njiani.

Je, jirani yako alitengenezewa?

Luhende


Songea
15 Agosti 1995

Luhende,

Marahaba. Precious hajambo.

Hakukuwa na jirani. Alikuwa Venant.

Alifariki mwezi wa sita, tukamzika kwao. Sikuweza kukuandikia. Nilianza mara nyingi, nikiandika jina lako tu basi naikunja karatasi. Nauli ya kuja ungekopa, na mama angetaka kuja na mguu ule. Usinigombeze. Nimeshagombezwa na watu wa kutosha.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipeleka kwa fundi, akaisoma, akakuna kichwa, akasema kitu cha namna hiyo hakipo. Kwa hiyo mimi na Precious tulichukua meza ya jikoni, tukaikata miguu ya upande mmoja, tukaiinamisha kitandani, tukaifunga kwa kamba. Haikuwa nzuri. Lakini Venant aliegemea. Alirudi kuuliza habari za mahindi ya watu. Alimsaidia Precious hesabu. Siku chache za mwisho alikuwa mtu, hakuwa mgonjwa tu, na hizo siku zilitoka kwako, ndiyo maana nakuambia.

Na jingine. Fundi yule yule aliyeshindwa kitanda ndiye aliyetengeneza jeneza. Aliponiona naingia aliweka msumeno chini, akavua kofia, akanivutia kiti. Hakuuliza chochote mpaka nilipoanza mwenyewe kusema. Katika wote waliokuja msibani sikuona aliyenituliza kama yeye. Kwa hiyo usidharau majeneza, Luhende. Hayakukosea majeneza.

Wakwe wananitazama kwa namna yao. Wengine wameacha kunywa maji kwenye vikombe vyangu. Afya yangu usiniulize.

Mama mwambie Venant amefariki. Mengine usimwambie.

Suzana


Igoma
10 Septemba 1995

Dada yangu,

Shikamoo, na pole. Pole kwako, pole kwa Precious. Nimeandika pole hapa mara mbili, naona bado haitoshi.

Nilikuwa na hasira nawe siku nzima. Nilikuwa nasema peke yangu kibandani: jirani, jirani, kumbe. Halafu Teodora akaniambia, "Wewe ungeandika nini?" Shemeji alinifundisha kuendesha baiskeli pale Misungwi alipokuja kukuposa, nami sikumtupia hata udongo. Mama nilimfuata nikamwambia. Alikaa chini hapo hapo uani, akanyoosha mguu wake mbaya mbele, akaniuliza, "Na Suzana mwenyewe?" Nikamwambia hajambo. Sijui kama aliamini. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nalitamka, sikuliamini.

Hukutaka nikuulize, siulizi.

Shigela yupo. Kitanda chake kimeleta maneno mtaani. Mtawa wa zahanati moja ng'ambo, ukishuka kivuko cha Kamanga, alikuja akakilalia mwenyewe, akakiinua na kukishusha, akaagiza vya kwao. Nilivipeleka kwa kivuko, abiria wananiuliza kama nahama. Kimoja kimerudi, bawaba ilichomoka. Aibu yake sikulala. Nimebadilisha, sasa natumia bawaba za mageti.

Lakini dada, nina jambo linaninyima usingizi zaidi ya hilo. Bwana Nurudin, ambaye huniuzia mbao, ni mtu mwema na ananiheshimu. Anafungua duka mjini karibu na hospitali. Anataka majeneza yawepo dukani tayari, ya kila kimo, hata ya watoto, na anataka mimi na Chenge tumtengenezee, kila wiki, bila kufanya kazi nyingine. Mbao atatoa yeye. Chenge hajanisubiri hata nimalize kusikiliza, alishasema ndiyo. Teodora kanyamaza, na Teodora akinyamaza najua anahesabu ada na kodi ya kibanda.

Mwenye akili angekubali. Najua. Lakini nikifikiria kuchonga la mtoto ambaye bado anacheza mahali, nasikia baridi mikononi. Je, huo ni woga tu? Je, ninajifanya mtu wa maana wakati nina watu wa kulisha? Vitanda havitoki kila siku, na wenye kuvihitaji ndio waliokwisha kuuza kila kitu kwa ajili ya dawa.

Nurudin anataka jibu. Nawe nakuomba lako.

Mdogo wako,
Luhende


Songea
29 Oktoba 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Asante kwa hela uliyompa dereva wa lori atuletee. Ilifika, na Precious ana viatu. Amekuwa mkimya, ila bado anasoma vizuri. Mvua za kwanza zimeanza.

Nilikwenda kupima. Nina ugonjwa uliomchukua Venant. Nimeliandika, sitalirudia. Precious hana.

Kwa sasa natembea, nafundisha, nakula. Ila nachoka. Nikimaliza kipindi cha mwisho nakaa darasani peke yangu mpaka miguu ikubali. Juzi nilipita barabarani, nikamwona yule fundi aliyenivutia kiti, akanisalimu kwa uchangamfu, nami nikageuza uso haraka nikajificha nyuma ya duka. Niliogopa asije akaangalia mabega yangu. Unaona ulivyoniharibu na barua zako.

Kuhusu Nurudin, usikatae kwa ajili yangu. Sitaki kuwa sababu ya watoto wako kulala njaa. Na usikubali kwa ajili yangu. Unataka mtu akuambie kama walivyokuwa wanakuambia kiwandani. Sikuambii.

Ninalokuomba ni hili. Muhula ukiisha, je, mimi na Precious tunaweza kuja? Huko kwa wakwe sirudi. Sema ukweli. Uliza wifi kwanza, na akikataa nitaelewa, wengi wamekataa. Na mama aambiwe. Lakini si kwa barua. Nenda umwambie wewe kwa mdomo.

Suzana


Igoma
3 Desemba 1995

Dada Suzana,

Shikamoo. Njooni. Nimeanza na hilo ili usisome salamu zote ukiwa na wasiwasi. Teodora nilimuuliza kama ulivyotaka. Akanitazama kama mjinga, akaenda kufagia chumba cha upande wa jua. Shule ya Precious nimeshaongea na mwalimu mkuu hapa Igoma, atampokea Januari. Pandeni basi mpaka Dodoma, kisha treni. Nitakuwa stesheni Mwanza, hata treni ichelewe kiasi gani.

Shigela amefariki. Mkewe alipokuja niliweka msumeno chini, nikamvutia kiti, nikanyamaza kama yule fundi wako alivyofanya. Tulikaa. Baadaye akasema, "Siku zile zote alikuwa anakaa, Luhende. Alikuwa anatuona." Nikamtengenezea Shigela jeneza, nami sikuhitaji kupima. Tulipomaliza msiba mkewe akaniambia nikachukue kitanda, nimpe mwingine anayekihitaji. Sasa kiko kwa mzee mmoja Buhongwa. Hivyo ndivyo nilivyopata wazo ambalo sikulipata kwa kufikiri: watu hawawezi kukinunua, na hawakihitaji milele. Wanakodi. Kikirudi nakipiga randa, nakipaka rangi, kinakwenda kwa mwingine.

Nurudin nilimfuata dukani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno ya adabu, yakanitoka yote.

Nikamwambia, "Bwana Nurudin, anayefiwa akija kwangu nitamtengenezea. Lakini siwezi kupanga majeneza dukani yasubiri watu. Mimi ni fundi wa wagonjwa."

Akashangaa. Na mimi nilishangaa, maana ndiyo mara ya kwanza kulisikia.

Akasema, "Wagonjwa hawana hela, Luhende."

"Najua."

"Basi utashinda njaa."

"Huenda."

Hakukasirika. Ameniambia mbao za vitanda ataniuzia kwa bei ile ile, mkataba amempa Chenge. Chenge amehama na randa yake, na benchi letu la kazi tumelikata katikati, kila mtu na upande wake. Hatukugombana, lakini hatuagani tena jioni. Kodi ya kibanda ya mwezi huu bado. Naogopa, dada, sitakudanganya. Naamka mapema kabla ya jogoo nikiwaza kama nimewaingiza Teodora na watoto shimoni. Tofauti ni kwamba nikisikia kilio sasa, nasikia kilio tu.

Mama nilimwambia. Nilikwenda Misungwi, nikakaa karibu naye, nikautaja ugonjwa kwa jina lake. Hakulia. Aliuliza mambo mawili: kama ugonjwa huo unashika kwa kushikana mikono, nikamwambia hapana, na treni ya Dodoma inafika siku gani. Nikarudi mjini nikidhani amebaki kwake. Jana nimefika kibandani nikamkuta amekaa juu ya kitanda kilichokuwa hakijapakwa rangi, mkeka wake umekunjwa pembeni, ameegemea. Hajaniambia alipandaje gari na mguu ule.

Sasa hivi amesimama nyuma yangu anataka kalamu. Kuandika hajui, kwa hiyo anasema, mimi naandika. Amenikataza nisirekebishe.

Suzana. Mimi mama yako. Luhende anaandika, mimi ndiye ninayesema. Kuku nimewauza, nyumba nimefunga. Mume wako alikuwa mtu mzuri, ulinificha kifo chake, nimekusamehe, lakini usirudie. Mimi si wa kufichwa. Nilikuzaa wewe mvua ikinyesha ndani, hakuna aliyenisaidia, sikuogopa, na sasa siogopi. Chakula nitapika mimi, kikombe tutanywea kimoja. Usibebe vyombo, vipo. Mlete Precious nimwone amerefuka kiasi gani. Watu wa huko wakikuuliza unakwenda kufanya nini Mwanza, usijieleze. Waambie mama ameniita.

Ni kweli. Nimekuita. Njoo.